Nani Aseme juu ya Ujana? Mipango ya Filamu Fupi kuhusu Vijana kutoka Vugiri hadi Paris, 1935–1972

Ikisiri

Makala hii inachunguza hatua ya kupanga katika historia ya filamu fupi zinazohusu ujana. Mifano yake imetoka Tanganyika, Ufaransa na Afrika Magharibi kati ya mwaka 1935 na 1972. Hoja kuu ni kwamba maana ya filamu hizo haikuamuliwa na kisa kilichosimuliwa, bali na swali lililojibiwa kabla ya kamera kuwashwa: sauti ya nani itasikika wakati kijana anaonekana? Sheria, fedha na vifaa vililibana swali hilo lakini havikulijibu. Waliolijibu ni watu waliopanga. Mfano mkuu ni filamu ya Afrique-sur-Seine (1955) ya Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, ambayo inalinganishwa na mipango ya serikali ya kikoloni iliyoitangulia, na mipango ya François Truffaut, Jean Rouch, Oumarou Ganda na Safi Faye iliyofuata.

1.0 Utangulizi

Filamu kuhusu ujana huanza kabla ya siku ya kwanza ya upigaji picha. Huanza pale mtu au taasisi inapoamua kijana yupi aonekane, aonekane wapi, kwa fedha za nani na kwa kibali cha nani. Maamuzi hayo mara nyingi hayaachi alama kwenye skrini. Mtazamaji huona kijana akitembea barabarani, akicheka au akikimbia, na hudhani kwamba ameonyeshwa ujana wenyewe. Alichoonyeshwa ni matokeo ya mpango.

Historia ya filamu barani Afrika imezoea kuanza na filamu iliyokamilika: mwaka wake, mwongozaji wake na ujumbe wake. Mkabala huo una manufaa, lakini huficha mipango iliyokataliwa, iliyohamishwa na iliyobadilishwa njiani. Makala hii inarudi nyuma hatua moja na kuuchukua mpango wa filamu kuwa tukio la kihistoria lenye sababu na matokeo yake. Ndani ya mpango huo yanachunguzwa maamuzi manne: kibali, mahali, vifaa na sauti. La nne ndilo linalopewa uzito, kwa sababu katika kipindi kinachojadiliwa picha na sauti kwa kawaida zilitengenezwa kwa nyakati tofauti. Kijana alipigwa picha leo, na maneno yaliyoambatana na sura yake yakaandikwa na kusomwa baadaye, mara nyingi na mtu mwingine.

Ujana ni somo linaloathiriwa mno na utaratibu huo. Mtoto husemewa na wazazi, na mzee hupewa nafasi ya kujisemea. Kijana yuko katikati: ana maneno, lakini hajakabidhiwa baraza. Kila filamu inayomhusu hulazimika kuchagua kama itamsemea au itamsikiliza.

2.0 Usuli: Picha na santuri katika Tanganyika

Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukafadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani na kuendeshwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulitengeneza takribani filamu 35, nyingi zikiwa fupi, kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba. Lengo mojawapo lililotangazwa na waasisi wake lilikuwa kumsaidia Mwafrika kuzielewa hali mpya na kujirekebisha ili aendane nazo.

Katika filamu iliyohusu benki ya akiba ya posta, vibarua wawili wanapokea ujira. Mmoja anazificha fedha zake na zinaibiwa. Mwingine anaziweka benki na kunufaika. Wahusika ni wanaume wa makamo ya kufanya kazi, waliotoka kwao kutafuta riziki. Hali hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya ujana kwa maelfu ya watu wa Tanganyika wakati huo: kuondoka nyumbani, kushika mshahara wa kwanza na kutojua uuweke wapi. Hata hivyo, filamu haiwaulizi vibarua hao wanaionaje safari yao. Inawatumia kuonyesha mwenendo mwema na mwenendo mbaya.

Utaratibu wa sauti katika mradi huo unaeleza jambo hilo kwa uwazi kuliko kisa chenyewe. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, mbali na ukanda wa picha, katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Kwa njia hiyo picha moja iliweza kusemewa kwa lugha moja wilaya hii na kwa lugha nyingine wilaya ile. Kwa mtazamo wa uchumi, ulikuwa ubunifu wa maana. Kwa mtazamo wa historia ya sauti, ulidhihirisha kwamba maneno hayakuwa mali ya mtu aliyeonekana. Yaliweza kuondolewa na kuwekwa mengine ilhali sura yake ikabaki ileile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili. Iliyojulikana zaidi kati yake ni Muhogo Mchungu (1952), ambamo kijana wa shamba anakuja mjini na kulaghaiwa na watu wa mjini. Aliyeigiza kijana huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya ustawi wa jamii. Tofauti na filamu za Vugiri, hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya filamu tangu mwanzo, na watazamaji wa mijini waliipokea kama burudani yao.

Lugha ya mtu, hata hivyo, si lazima iwe sauti yake. Kijana wa Muhogo Mchungu anazungumza lugha ya watazamaji wake, lakini mpango uliomleta mjini ni wa serikali iliyouona uhamiaji wa vijana kuwa tatizo la utawala. Mji ni mtego na kijana ni mshamba asiyeujua. Historia ikaja kuukosoa mpango huo kwa namna ambayo hakuna mhakiki angeiweza. Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Mtu aliyepangiwa kuigiza kijana asiyeweza mambo ya mjini ndiye aliyekuja kuwaongoza wafanyakazi wa miji hiyo.

3.0 Amri ya mwaka 1934

Katika makoloni ya Uingereza serikali iliyashika maneno kwa kutengeneza filamu yenyewe. Katika makoloni ya Ufaransa iliyashika kwa kibali. Amri ya tarehe 11 Machi 1934, inayojulikana kwa jina la Pierre Laval aliyekuwa Waziri wa Makoloni, ilimtaka yeyote atakayepiga filamu au kurekodi sauti katika makoloni ya Afrika kupata kwanza ruhusa ya utawala. Watawala walikuwa na haki ya kujua anayeomba ni nani na anakusudia kuonyesha nini. Kwa maneno mengine, amri hiyo haikusubiri filamu ikamilike ndipo idhibitiwe. Ilidhibiti mpango.

Athari yake ilionekana katika kisa cha René Vautier. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 21 na akiwa amehitimu chuo cha filamu cha IDHEC mjini Paris, alitumwa Afrika Magharibi na shirikisho la elimu la Ufaransa kutengeneza filamu fupi itakayowaonyesha wanafunzi wa Kifaransa jinsi wenzao wa vijijini walivyoishi. Mpango wa awali ulikuwa wa darasani. Alichokiona huko, ikiwemo kazi ya kulazimishwa na vijiji vilivyoadhibiwa na jeshi, kilimfanya auache. Sehemu kubwa ya mikanda yake ilitwaliwa na dola. Kutokana na iliyosalia alitengeneza Afrique 50, filamu ya dakika 17 hivi, akaiwekea maelezo makali kwa sauti yake mwenyewe. Alishtakiwa chini ya amri ya 1934 na kuhukumiwa kifungo. Filamu hiyo ilizuiwa Ufaransa kwa zaidi ya miaka 40.

Kisa hiki kina pande mbili. Kwa upande mmoja, kijana alikataa maneno aliyopangiwa na kuweka ya kwake. Kwa upande mwingine, kijana huyo alikuwa Mfaransa, na watoto wa Kiafrika waliopigwa picha walibaki kimya. Swali la nani aseme lilikuwa limejibiwa nusu tu.

4.0 Afrique-sur-Seine: Mpango uliohamishwa

Nusu ya pili ya swali hilo iliangukia mikononi mwa wanafunzi. Paulin Soumanou Vieyra alizaliwa Porto-Novo, Dahomey (sasa Benin), mwaka 1925, na alipelekwa Ufaransa kusoma akiwa na umri wa miaka 10. Alijiunga na IDHEC na kuwa Mwafrika wa kwanza kuhitimu chuoni hapo. Pamoja na Mamadou Sarr, Jacques Mélo Kane na mpiga picha Robert Caristan, aliunda kikundi kidogo cha filamu kilichokusudia kufanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: Waafrika kuipiga picha Afrika.

Kibali cha kwenda kupiga picha barani Afrika hakikupatikana. Kikundi kiliamua kupiga picha pale walipokuwa. Matokeo ni Afrique-sur-Seine, filamu ya dakika 21 iliyokamilika mwaka 1955 kwa msaada wa kamati ya filamu za kiethnografia ya jumba la makumbusho la Musée de l'Homme. Vitabu vingi huitaja kuwa filamu ya kwanza kuongozwa na Waafrika wa kusini mwa Sahara, ingawa wapo wanaotanguliza Mouramani (1953) ya Mamadou Touré wa Guinea. Kwa makala hii, suala la utangulizi lina uzito mdogo kuliko suala la uhamisho. Mpango wa kuionyesha Afrika uligeuka kuwa mpango wa kuonyesha ujana wa Kiafrika ugenini, kwa sababu sheria iliufunga mlango wa nyumbani.

Uhamisho huo umeacha kovu katika muundo wa filamu. Inaanza barani Afrika: watoto wakicheza majini, bila haraka wala wasiwasi. Kisha inahamia Paris, kwenye barabara, mikahawa na mitaa ya wanafunzi, ambamo vijana wa Kiafrika wanasoma, wanacheza dansi, wanakutana na wapenzi wa rangi nyingine na kupita kando ya makaburi ya ufalme usio wao. Kati ya sehemu hizi mbili hapaonyeshwi safari: hakuna meli wala bandari, na hakuna mzazi anayeaga. Utoto uko upande mmoja, ujana uko upande mwingine, na katikati pana ufa. Ufa huo ni wa kweli katika maisha ya Vieyra, aliyeondoka kwao akiwa mtoto na kuwa kijana katika nchi ya watu. Ni wa kweli pia katika historia ya filamu yenyewe, kwa kuwa safari hiyo haikuweza kupigwa picha bila ruhusa ya watawala.

Kuhusu sauti, kikundi kilifanya kama wengine wa wakati huo. Picha zilipigwa bila mazungumzo, na maelezo yakaongezwa baadaye. Lakini mtoa maelezo hasemi juu ya "wao". Anasema kama mmoja wao, kwa kauli ya "sisi". Badiliko hilo la kiwakilishi ni dogo kisarufi na kubwa kihistoria. Vugiri, sauti ilimweleza Mwafrika jinsi ya kuwa. Katika Afrique 50, ilimtetea. Hapa, kwa mara ya kwanza kati ya filamu zinazojadiliwa, inatoka miongoni mwa walioonyeshwa. Wakati nao ulikuwa mwafaka. Shirikisho la wanafunzi wa Afrika Nyeusi nchini Ufaransa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1950, jarida la Présence Africaine lilikuwa likichapishwa tangu 1947, na mwaka mmoja baada ya filamu hii waandishi na wasanii weusi walifanya kongamano lao la kwanza katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Kiwakilishi "sisi" kilikuwa kikitafutiwa maana katika kila baraza.

Hata hivyo, "sisi" hiyo ina mipaka, na uchambuzi wa haki hauna budi kuitaja. Filamu inaonyesha pia wasio wanafunzi, watu wanaotafuta riziki kwa shida katika mji uleule. Inawaonyesha wanawake weusi na weupe. Hakuna hata mmoja wao anayesema. Sauti moja ya kiume, ya kisomi na yenye Kifaransa cha kishairi inawabeba wote. Wanafunzi waliokuwa wamenyang'anywa haki ya kuonyesha nchi yao walijikuta, ndani ya dakika 21, wakiwasemea vijana wengine ambao hawakuwa na chuo wala kamera.

5.0 Nîmes: Mpango usiohitaji kibali

Ili kupima uzito wa vikwazo alivyokutana navyo Vieyra, inafaa kumtazama kijana mwingine aliyepanga filamu fupi kuhusu ujana katika nchi ileile miaka miwili baadaye. François Truffaut, aliyezaliwa Paris mwaka 1932, hakupitia chuo cha filamu. Mwaka 1948, baada ya kuanzisha klabu ya filamu na kuingia katika madeni, alikabidhiwa polisi na baba yake na kuwekwa katika kituo cha watoto huko Villejuif. Mhakiki André Bazin alimsaidia, na kupitia jarida la Cahiers du cinéma akawa mhakiki anayeogopwa.

Katika majira ya joto ya mwaka 1957 aliongoza Les Mistons, filamu fupi iliyotokana na hadithi ya Maurice Pons. Wavulana watano wanawafuata na kuwasumbua wapenzi wawili, kwa kuwa wenyewe bado hawajajua la kufanya na hisia zinazowaamkia. Truffaut alipiga picha mjini Nîmes na viunga vyake, akatumia watoto wa huko, na nafasi ya msichana akampa Bernadette Lafont, mzaliwa wa mji huo aliyekuwa na umri wa miaka 18. Kampuni yake ndogo, Les Films du Carrosse, ilisaidiwa na Ignace Morgenstern, msambazaji wa filamu ambaye mwaka huohuo alikuwa baba mkwe wake. Mahali alipachagua kwa kupapenda, fedha zilitoka kwa jamaa, na ruhusa ya kuwaonyesha vijana wa Kifaransa hakulazimika kuiomba kwa gavana yeyote.

Licha ya uhuru huo wote, Les Mistons inasemewa. Sauti ya mtu mzima inakumbuka siku zile kwa niaba ya wavulana, kwa lugha nzuri kuliko ambayo mvulana yeyote angeweza kuitamka. Ujana unakuwa kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuuvuka. Hili linathibitisha kwamba ukimya wa kijana katika filamu za wakati huo haukuletwa na ukoloni peke yake. Ukoloni ulimfungia kijana wa Kiafrika mlango wa nje. Mlango wa ndani, ule wa mtu mzima kudhani kwamba anamjua kijana kuliko anavyojijua, ulifungwa kwa wote.

Truffaut aliufungua mlango huo katika mpango uliofuata. Alikusudia kutengeneza filamu fupi nyingine kuhusu mtoto anayetoroka shule na kudanganya kwamba mama yake amekufa, na aliipa jina la muda la La Fugue d'Antoine, yaani kutoroka kwa Antoine. Ilipangwa iunganishwe na filamu nyingine fupi kuhusu utoto. Mpango ukakua. Akishirikiana na mwandishi Marcel Moussy, aliugeuza kuwa filamu ndefu ya Les 400 Coups, ambayo upigaji picha wake ulianza tarehe 10 Novemba 1958 na kumpatia tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes mwaka 1959.

Badiliko linalohusika hapa si la urefu. Kwa tangazo la gazetini aliwaita watoto kwenye usaili, akamchagua Jean-Pierre Léaud, mwenye umri wa miaka 14. Antoine aliyeandikwa alikuwa mpole na mwenye kujificha. Léaud alikuwa mkali na mwepesi wa maneno, na mwongozaji akamwacha mhusika amfuate mwigizaji. Katika tukio ambamo Antoine anahojiwa na mtaalamu wa saikolojia, Léaud hakupewa maneno ya kukariri. Aliulizwa, akajibu, na kamera ikabaki usoni pake, anayeuliza haonekani. Kijana anasitasita, anacheka pasipotarajiwa, anajichezea vidole. Kwa dakika chache hakuna mtu mzima anayemsemea, na dakika hizo zilipatikana kwa sababu mpango uliacha ukurasa mtupu.

6.0 Treichville: Je, vifaa ndivyo vilivyoamua?

Hoja inayoweza kutolewa kupinga uchambuzi huu ni ya kiufundi. Kamera zenye uwezo wa kurekodi sauti papo kwa papo zilikuwa nzito na ghali. Vifaa vyepesi vya kazi hiyo vilianza kupatikana karibu na mwaka 1960. Kwa hiyo, itasemwa, Vieyra na wenzake hawakuwa na chaguo. Maelezo ya baadaye yalikuwa njia pekee.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini inajibiwa na filamu ya Moi, un Noir (1958) ya Jean Rouch. Ilipigwa Treichville, Abidjan, miongoni mwa vijana waliohama kutoka Niger kutafuta kazi za kibarua. Kamera ya Rouch nayo haikurekodi sauti, na kila pigo la picha lilikuwa la sekunde chache. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Rouch aliwaonyesha vijana hao picha zao na kuwapa kipaza sauti. Oumarou Ganda, aliyekuwa amepigana Indochina katika jeshi la Ufaransa, alijitazama akibeba mizigo bandarini na akajisimulia: alitania, alijisifu, alilalamika na kuota ndoto za ubondia. Kifaa kilikuwa na upungufu uleule uliokuwepo kwingine. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani asimame mbele ya kipaza sauti.

Ni kweli pia kwamba kipaza sauti hicho kilikuwa cha Rouch, na aliyekipa angeweza kukinyima. Yeye ndiye aliyechagua picha zipi zibaki, na sauti yake husikika katika filamu. Ganda mwenyewe hakuridhika na mgawanyo huo wa kazi. Mwaka 1968 aliongoza Cabascabo, filamu ya dakika 45 kuhusu askari anayerudi Niger kutoka Indochina akiwa na fedha na marafiki, na kubakia bila fedha wala marafiki. Aliiandika, akaiongoza na kuigiza nafasi kuu. Kijana aliyesimulia picha zilizopangwa na mwingine alifika mahali pa kupanga picha zake, na kwa lugha ya kwao, Kizarma. Miaka 10 ilipita kati ya hatua hizo mbili, na ndani yake ulipita uhuru wa Niger.

7.0 Msichana anayetazamwa

Mifano iliyojadiliwa hadi hapa ina pengo moja la pamoja. Katika zote, msichana anaonekana na hasemi kwa niaba yake. Katika Afrique-sur-Seine ni sehemu ya mandhari ya Paris. Katika Les Mistons, Bernadette anapita kwa baiskeli na filamu nzima inajengwa juu ya macho yanayomfuata. Mwenye kumbukumbu ni mvulana. Msichana ndiye anayekumbukwa.

Safi Faye, mwalimu kutoka Senegali, alikutana na Rouch huko Dakar mwaka 1966 wakati wa tamasha la sanaa za watu weusi, na baadaye akaigiza katika filamu yake ya Petit à petit. Alipokwenda kusoma Paris alipanga filamu yake ya kwanza, La Passante (1972), yenye dakika 10 hivi. Mwanamke Mwafrika anatembea katika mitaa ya Paris, naye ni Faye mwenyewe. Wanaume wawili, Mfaransa na Mwafrika, wanamtazama, kila mmoja akimvika ndoto zake. Kisa ni chembamba, na mji ni uleule wa Vieyra. Jambo jipya ni kwamba aliyepanga njia ya kutembea ndiye anayetembea. Anajua kwamba anatazamwa, na anaifanya hali ya kutazamwa kuwa somo la filamu. Miaka 17 baada ya Afrique-sur-Seine, mtu aliyekuwa nje ya "sisi" ya wanafunzi alichukua kamera katika mitaa ileile.

8.0 Hitimisho

Makala hii imefuatilia swali moja katika mipango ya filamu kuhusu ujana kwa takribani miaka 40. Vugiri na Dar es Salaam, serikali ilipanga na kijana akaonyesha somo aliloandikiwa. Chini ya amri ya 1934, mpango wenyewe uligeuzwa kuwa jambo la kuombewa ruhusa, na Vautier alilipa kwa kifungo gharama ya kuuasi. Vieyra na wenzake walinyimwa mahali, wakachukua sauti. Truffaut alikuwa na mahali na fedha, na ilimchukua filamu nzima kugundua kwamba sauti hakuwa ameitoa. Ganda alipewa sauti kwanza, kisha akauchukua mpango. Faye aliupanga mwili wake mwenyewe katika mji uliozoea kumtazama.

Matokeo mawili yanajitokeza. Kwanza, uhuru wa kupiga picha na uhuru wa kusema si kitu kimoja, na historia inayoandika tarehe ya "filamu ya kwanza ya Kiafrika" bila kuuliza nani anasikika ndani yake imehesabu nusu ya jambo. Pili, kila hatua iliyompa kijana nafasi ya kusikika ilitokana na mpangaji kupunguza mamlaka yake kwa hiari, au na kijana kuyatwaa mamlaka hayo. Haikuletwa na kifaa kipya peke yake. Hili lina uzito kwa utafiti wa filamu za Kiswahili leo, ambapo simu ya mkononi inarekodi picha na sauti kwa pamoja na gharama ya kuanza imeshuka sana. Kikwazo cha santuri ya Vugiri kimeondoka. Swali lililokuwa nyuma yake limebaki, na bado hujibiwa kwenye mpango, kabla mtu hajaombwa kusimama mbele ya kamera.